SOMO: Namna ya kupita kwenye mageti ya otomatiki ya paspoti airport (soma kwanza ndo uje inboksi)

Wadau, wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne swali lile lile, "geti limenikataa, tatizo nini", na kila mara naandika maelezo yale yale kwa kidole gumba mpaka kinauma. Sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia linki. Mimi sio afisa uhamiaji wala fundi wa hizo mashine, ni msafiri tu ambaye kazi inamzungusha, na nimeshaumbuka kwenye haya mageti vya kutosha.

Kabla ya yote: geti likikukataa HAUJAKATALIWA KUINGIA NCHINI. Geti halina madaraka hayo. Mashine imeshindwa kumaliza kazi yake ikakurudisha kwa binadamu, basi. Watu wanatoka pale wanatetemeka utadhani wamekutwa na mzigo.

Hatua ya 1: Jua kama unahusika. Hapa kuna mambo mawili na watu wanashika moja tu. La kwanza paspoti iwe na chipu, utaijua kwa kile kialama kwenye kava la mbele, mstatili mdogo una duara katikati na mstari umeupasua. La pili uraia wako uwe kwenye orodha ya nchi husika, au uwe umejisajili kwao. Kuwa na chipu hakukupi ruhusa. Mfano Uingereza wanapitisha Waingereza wenyewe, watu wa Umoja wa Ulaya pamoja na Uswisi, Iceland, Norway na Liechtenstein, halafu Australia, Kanada, Japani, Korea Kusini, New Zealand, Singapore na Marekani. Wengine kaunta, hata paspoti ing'ae vipi. Angalia tovuti ya uhamiaji ya unakoenda kabla hujapanga foleni dakika arobaini.

Hatua ya 2: Vua kava la ngozi. Na toa vile vikaratasi vyote ulivyochomeka ndani.

Hatua ya 3: Miwani, kofia, barakoa, hedifoni, vyote vitoke ukiwa bado kwenye foleni, sio ukishafika.

Hatua ya 4: Fungua ukurasa wa picha mapema, kidole kiwe pale.

Hatua ya 5: KULAZA PASPOTI. Hapa tukae.

Hapa ndo niliumbuka mimi. Nilikuwa na ndege ya kuunganisha na muda wenyewe wa kubana, nikalaza paspoti kwenye kioo, mashine ikalia ti, nikainyanyua. Skrini ikasema weka tena. Nikaweka, ti, nikainyanyua. Mara ya tatu nikaikandamiza kwa hasira halafu nikaitelezesha kidogo nikidhani naiweka sawa, taa ikawa nyekundu na mshale ukanielekeza pembeni, kwenye foleni ya kaunta, mbele yangu familia tatu na watoto wamelala mabegani. Jina langu nililisikia linaitwa kwenye spika nikiwa nimebakiza watu wawili. Usiku ule nililala kwenye viti vya chuma, vile vyenye mikono katikati ili usijinyooshe.

Baadaye ndo nikaelewa kwamba ile mashine inasoma mara MBILI. Kwanza kamera iliyo chini ya kioo inapiga picha ile mistari miwili ya chini yenye alama kama <<<<, kila mstari una herufi na alama 44. Humo inachukua namba ya paspoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa paspoti, na hivyo vitatu kwa pamoja ndo ufunguo wa chipu. Ile ti ya kwanza mara nyingi ni ya hapo tu. Baada ya hapo ndo inaanza kuongea na chipu yenyewe kwa redio, inavuta taarifa zako na picha yako, inakagua saini ya kidijitali ya nchi iliyoitoa kuona haijachezewa. Hii awamu ya pili inachukua sekunde kadhaa na mara nyingi kimyaaa, hakuna mlio, unaona kama imeganda. Haijaganda. Ukinyanyua hapo umekata mazungumzo katikati, inaanza upya, na majaribio yako yana kikomo.

Kwa hiyo:
- Ilaze, tandaza kiganja juu yake, tulia. Hesabu polepole mpaka kumi kama huna imani na skrini. Nyanyua skrini ikisema au mlango ukifunguka, sio ukisikia mlio.
- USIITELEZESHE. Imekaa vibaya? Inyanyue kabisa, weka upya.
- Chipu kwenye paspoti nyingine iko kwenye kava, nyingine iko ndani ya ukurasa wenyewe wa picha, ndo maana kitabu chote kinatakiwa kilale bapa, sio kona moja imeinuka.
- Simu na kadi za benki visikae juu yake. Kuna mtu nilimuona kashikilia paspoti na simu kwa mkono mmoja, amevibana vyote kwenye kioo, anashangaa.
- Kidole kisifunike ile mistari ya chini.

Hatua ya 6: Uso. Kanyaga zile nyayo zilizochorwa sakafuni, tazama kamera. Sio skrini inayokuonyesha sura yako, KAMERA. Kwenye mageti mengi kamera inapanda na kushuka yenyewe kutafuta kimo chako, utaisikia inanguruma kidogo, sasa mtu mrefu anaona haijamfikia anainama, nayo ilishaanza kupanda, wanapishana kama watu wawili kwenye korido. Simama wima iache ikufuate. Usitabasamu, uso uwe ule wa kuchosha ulio kwenye paspoti. Begi liwe karibu na mwili, kuna vihisi vinaangalia kama mmeingia wawili na begi kubwa la mgongoni huwa linavichanganya.

Hatua ya 7: Mlango ukifunguka toka, na PASPOTI MKONONI.

Ikikataa mara ya mwisho fuata mshale, mpe afisa paspoti, jibu unachoulizwa. Usianze kumueleza makosa ya mashine, anayajua kuliko wewe.

Angalizo la mwisho ni muhuri. Geti halikugongei muhuri. Kama aina ya ziara yako inadai muhuri au afisa akuone ana kwa ana, au viza yako iko kwenye paspoti ya zamani, usipite kwenye geti hata kama linakukubali, nenda kaunta. Ukishatoka kurudi nyuma ni kazi.

Maswali karibuni, ila yale ambayo hayajajibiwa hapo juu.

MASWALI

Mwendokasi77: Mkuu sijasoma yote ni ndefu ila mi geti lilinikataa nikapelekwa kaunta, je nimeshawekwa blaklisti?

Mwandishi: Aya ya pili. Ungesoma ungeshalala usingizi wako.

Mwendokasi77: sasa hasira za nini si nimeuliza tu

Mwandishi: Sina hasira. Aya ya pili.

Kiherehere: Asante kwa somo. Nina swali la kitaalam kidogo, kwa nini wasiisome chipu moja kwa moja kama kadi ya kugusa? Kwa nini mpaka wapige picha mistari ya chini kwanza?

Mwandishi: Swali zuri sana hili. Ni kwa ajili ya faragha yako. Ile chipu haina betri, inapata umeme kutoka kwenye mawimbi ya kisomeo, ni masafa ya 13.56 MHz, yale yale ya hizo kadi za kugusa. Sasa kama ingefunguka kwa yeyote, mtu angekaa karibu na wewe na kisomeo chake anavuta jina lako na picha yako wewe umelala. Wakaamua ufunguo uchapwe ndani ya kitabu chenyewe, kwa hiyo anayetaka kusoma lazima kwanza apate kuuona ukurasa umefunguliwa, yaani wewe umempa. Alama za vidole, kwa nchi zinazoziweka kwenye chipu, ziko nyuma ya kufuli lingine tena ambalo nchi iliyotoa paspoti ndo inaamua nani apewe ruhusa. Kanuni zote hizi ziko kwenye waraka wa 9303 wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ndo maana paspoti ya nchi yoyote inaeleweka kwenye mashine ya nchi nyingine. Malaysia walitoa paspoti ya chipu tangu 1998, kabla dunia haijakubaliana kanuni ya pamoja.

Kiherehere: Aisee, kumbe ndo maana ukurasa ukichubuka pale chini inagoma wakati chipu ni nzima.

Mwandishi: Hapo umeelewa kuliko walio wengi. Mlango mzima, ufunguo umefutika.

UmmSalim: Kaka mimi navaa hijabu, na kwenye picha ya paspoti nimevaa pia. Nitaambiwa nivue?

Mwandishi: Hapana dada, mashine inataka uso, kuanzia kidevu mpaka paji. Hakikisha tu kitambaa hakijashuka kwenye nyusi wala hakitupi kivuli mashavuni, kiweke kama kilivyo kwenye picha. Na kama kuna siku mtahitaji kuhakikiwa zaidi, nenda kaunta uombe afisa wa kike, ni ombi la kawaida kabisa.

UmmSalim: Allah akulipe kheri.

Mzee_wa_Kaunta: Naomba tuseme ukweli, hizi mashine zinatukataa zaidi sisi weusi au ni hisia zetu?

Mwandishi: Sio hisia tu. NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, mwaka 2019 walipima programu nyingi za kutambua nyuso na wakaandika kwamba kwenye picha zinazopigwa mipakani, makosa ya kumkataa mtu ambaye ni yeye kweli yalikuwa juu zaidi kwa waliozaliwa Afrika na Karibiani, hasa wenye umri mkubwa. Pia walikuta programu zinatofautiana sana, zilizo bora zilikuwa na tofauti ndogo. Mwanga nao unachangia, ukiwa na dirisha kubwa nyuma yako uso unakuwa giza. Usiende mbele zaidi ya nyayo, usirudi nyuma, na kama picha ya paspoti ina miaka tisa na sasa una ndevu za kufika kifuani jiandae kwa kaunta. Ikikataa nawe ulishafanya yote sawa, mashine ndo imekukosea.

Mtaalam_Halisi: Somo lako lina makosa. Singapore haulazi paspoti popote, unapita na uso tu. Usidanganye watu.

Mwandishi: Nimeandika wapi kwamba ni viwanja vyote? Changi, uwanja wa Singapore, kweli tangu 2024 wakazi wao wanapita bila kutoa paspoti, na wageni wakati wa KUONDOKA, maana sura yako wanayo tangu ulipoingia. Hapa naongelea mageti yenye kioo, na ndo mengi.

Mtaalam_Halisi: Ungesema mapema.

Mwandishi: Haya nimesema.

Mama_Pacha: Nasafiri Uingereza na mtoto wa miaka 9, paspoti zetu zote zipo kwenye hiyo orodha, tutapita geti pamoja?

Mwandishi: Huyo bado dada, kwao ni kuanzia miaka 10 na awe na mtu mzima. Mtapita wote kaunta. Na kokote uendako usimbebe mtoto ukaingia naye getini ukidhani utawahi, linaona watu wawili linafunga.

Bwana_Visa: Nilienda Ulaya sikugongwa muhuri wowote, sasa siku zangu 90 nitazihesabuje?

Mwandishi: Nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja) zilianza mfumo wao wa kuandikisha wageni tarehe 12 Oktoba 2025, kwa kuingiza hatua kwa hatua, muhuri ndo unaondoka. Mara ya kwanza wanakupiga picha ya uso na kuchukua alama za vidole vinne (watoto chini ya miaka 12 hawatoi vidole), kuingia na kutoka kunahesabiwa na kompyuta. Sheria yenyewe ni ile ile, siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Ushauri wangu tunza bodingi pasi zako zote, hata picha kwenye simu, mfumo ukikosa kurekodi siku uliyotoka wewe ndo utatakiwa uthibitishe.

Kiherehere: Na hiyo ya bodingi pasi isaidie pia kwa waliopita mageti ya nchi nyingine yasiyo na muhuri.

Mwandishi: Kabisa.

Fua_Nguo: Mimi paspoti ilisahaulika mfukoni ikapita kwenye mashine ya kufulia. Imekauka inasomeka vizuri ila mageti yote yanaikataa tangu hapo.

Mwandishi: Chipu imekufa hiyo. Chipu ikifa peke yake na kitabu ni kizima, paspoti inabaki halali, Marekani kwa mfano wameandika hivyo waziwazi kwa paspoti zao, utapita kaunta tu. Ila yako imelowa, na kurasa zilizovimba au picha iliyopauka ni uharibifu, shirika la ndege linaweza kukuzuia usipande. Badilisha kabla ya safari.

Fua_Nguo: Nilikuwa naipiga pasi ili inyooke

Mwandishi: Duh. Badilisha leo.

Mwendokasi77: Wakuu nimerudi. Jana nimepita, safari hii nilisoma. Nimelaza, nimeweka kiganja, nimehesabu mpaka kumi kama ulivyosema, kamera nayo nikaiacha ikanifuata, mlango ukafunguka fasta sijaamini, nikakimbilia mabegi kwa furaha. Niko kwenye mkanda nasubiri begi nasikia natangazwa jina, paspoti nimeiacha juu ya kioo.

Mwandishi: Hatua ya 7.