SOMO: Krima ya kahawa kwa horchata ya Wamexico (soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza)

Habari zenu wadau. Kila nikiweka picha ya kahawa yangu humu maswali ni yale yale, hiyo nyeupe ni nini, inauzwa wapi, mbona nimejaribu imekuwa uji. Nimeshajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja na atakayeniuliza tena namtumia linki.

Kwa wasioijua, horchata (ile h hawaitamki) ni kinywaji cha Mexico cha mchele mbichi uliolowekwa na kusagwa na mdalasini, sukari na maji, wengine wanatia maziwa, wengine lozi. Huku Texas ninapokaa kila mgahawa wa Kimexico utaikuta kwenye yale matungi makubwa ya kioo wanayaita vitrolero, imekaa pembeni ya rosela (wao wanaiita jamaica) na juisi ya ukwaju. Inanywewa baridi sana na chakula chenye pilipili. Watu wakaanza kuimwagia espresso juu na barafu, na ukishaonja hiyo hutotaka tena zile krima za chupa zenye harufu ya vanila ya dukani. Ushauri wangu, kama hujawahi kuinywa, kainywe kwanza kama ilivyo, ndio utajua unatafuta ladha gani.

Ya kunywa ni nyepesi. Sisi tunataka krima, kwa hiyo maji tunayapunguza kwa nusu.

VITU
Mchele mweupe mrefu kikombe 1, maji vikombe 2, kijiti 1 cha mdalasini, maziwa mazito ya kopo yenye sukari nusu kopo (kopo la gramu 397), vanila kijiko kimoja cha chai, chumvi chembe. Blenda, na kitambaa cha kuchujia.

HATUA YA 1. Osha mchele mpaka maji yasiwe meupe sana.

HATUA YA 2. Vunjavunja mdalasini, loweka pamoja na mchele kwenye yale maji vikombe 2, weka FRIJI usiku kucha. Najua mapishi mengi wanasema acha mezani tu. Mchele una bakteria wanaopenda joto na unyevu, na hii kitu hatuichemshi hata mara moja, kwa hiyo friji.

Mdalasini nao si wowote. Unaotakiwa ni ule laini, matabaka membamba kama karatasi yamejikunja pamoja, ukiubana kwa vidole unavunjika. Kwenye maduka ya Wamexico unaandikwa canela. Ule mgumu wa kahawia nzito uliojikunja mkunjo mmoja una ukali unaofunika mchele wote, na blenda ndogo haiusagi vizuri, unabaki vipande.

HATUA YA 3. Saga vyote pamoja na maji yake, dakika mbili nzima.

HATUA YA 4. Chuja kama unavyochuja tui, kwa kitambaa, ukamue. Chujio la chai halitoshi, usinibishie. Halafu osha kitambaa uchuje mara ya pili BILA kukamua, iache ipite yenyewe. Ukimaliza weka kwenye jagi friji kama saa moja, utaona chini kumetuama kitu cheupe kizito kimeshikana, ule ni wanga. Mimina taratibu ya juu, ya chini iache. Ukiichanganya hiyo ndio unapata kahawa yenye mchanga kwenye meno.

HATUA YA 5. Tia maziwa mazito, vanila, chumvi, tikisa kwenye chupa. Friji siku 4, isizidi. Tikisa kila ukitaka kutumia, kujitenga ni kawaida yake.

HATUA YA 6, KUTIA KWENYE KAHAWA. Hapa tafadhali someni polepole maana hapa ndipo hata mimi niliharibu batchi ya kwanza yote. Usiipashe moto krima. Si kwenye sufuria, si kwenye maikrowevu, si "kidogo tu". Hata ukichuja vizuri namna gani wanga kiasi unabaki humo, na wanga wa mchele ukifika nyuzi 70 hivi unavimba na kushikana, ndio huo uji mnaolalamikia, na ukishashikana haurudi nyuma hata uongeze maji. Sasa kahawa iliyotoka jikoni iko karibu nyuzi 90, ukiimwagia krima hapo hapo unapata ute ute juu na mabonge chini. Fanya hivi, kahawa ikishamiminwa kikombeni iache dakika tatu nne, krima itoke friji ikiwa ya BARIDI, tia vijiko vya chakula 2 au 3 huku unakoroga. Baridi ya krima inashusha joto la kikombe kizima, mchanganyiko unabaki chini ya hapo pa hatari na bado kahawa ni ya moto ya kunyweka. Unaona uso wa kahawa unageuka rangi ya udongo mwekundu, laini, hauna madoa ya mafuta kama krima za dukani. Kahawa ya barafu haina shida yoyote, mwaga tu.

Kahawa iwe nzito. Ya unga wa kuyeyuka inashindwa, unabaki unakunywa mchele.

Maswali karibuni, ila soma kwanza.

---

kijana_wa_chuda: Mkuu naweza kutumia wali uliobaki jana?

Mwandishi: Hapana. Mchele MBICHI, iko mstari wa pili.

nyambura254: Nimetry leo, niliwarm kidogo tu kwa sufuria ndio isipoeshe kahawa, sasa imeshikana. Naiokoa aje?

Mwandishi: Haiokoleki kama krima. Ongeza maziwa unywe uji asubuhi. Hatua ya 6, neno kwa neno.

nyambura254: Lakini ungesema mapema kuwa ni lazima

Mwandishi: Dada nimeandika kwa herufi kubwa, na nimetaja sufuria kwa jina.

bint_seif_muscat: Assalaam alaykum. Somo zuri, ahsante. Nina maswali mawili. Kwanza mdalasini wa Zanzibar ninao mwingi, ndugu zangu huniletea, je unafaa? Pili, vipi Wamexico wakawa na kinywaji cha mchele na mdalasini wakati vyote viwili asili yake si kwao?

Mwandishi: Waalaykum salaam bi mkubwa, haya ndiyo maswali. Mdalasini jaribu kwa vidole, ukivunjika kwa urahisi na una utamu ukiutafuna basi unafaa sana. Kama ni yale magome mazito bapa, saga kidogo tu kwanza uone ukali. Wamexico wenyewe mdalasini wao mwingi unatoka Sri Lanka mpaka leo.

La pili, kinywaji kilikuja na Wahispania. Kule Valencia horchata haitengenezwi kwa mchele kabisa, ni ya chufa, vile vidude vitamu vya chini ya ardhi vya jamii ya ndago, na zao hilo lilienea huko enzi za Waarabu. Wahausa wa Nigeria nao wana chao cha chufa hiyo hiyo, kunun aya. Mexico chufa haikushika, mchele ulioletwa na Wahispania ukashika, wakatumia walichokuwa nacho. Vitu vya Asia navyo vilikuwa vinafika Acapulco kwa meli kutoka Manila, safari zile zilianza 1565 zikaendelea mpaka 1815. Kwa hiyo walikaa na mdalasini karne kadhaa, ni wao sasa.

bint_seif_muscat: MashaAllah. Nikitia iliki nitakuwa nimeharibu?

Mwandishi: Hujaharibu, ila punje mbili tu, tia kwenye kuloweka. Zaidi ya hapo mdalasini hausikiki.

mzee_wa_kahawa: Sina muda wa kulowekaloweka, unga wa mchele si sawa tu?

Mwandishi: Si sawa. Unga unapita kwenye kitambaa wote.

mama_pili: Mimi maziwa yananisumbua tumbo, na sukari daktari kanizuia.

Mwandishi: Pole mama. Maziwa acha, tia tui zito la nazi, hata Mexico iko ya nazi na ni nzuri. Sukari usiweke kabisa, ila mchele wenyewe ni wanga, kwa hiyo kijiko kimoja tu cha krima, na muulize daktari wako kwanza.

otieno_kitchen: Na ile ya jamaica, ile red, inaweza ingia kwa kahawa pia?

Mwandishi: Hapana, ni chachu, ukiongeza maziwa yanakatika. Ila kama unapenda ladha za huko jaribu café de olla: maji, mdalasini na sukari guru (wao wanaiita piloncillo, ni sukari ya miwa isiyosafishwa kama yetu), chemsha mpaka sukari iyeyuke, tia kahawa ya kusaga, zima moto, funika dakika tano, chuja. Kwa jadi ni chungu cha udongo lakini sufuria inafaa. Hiyo ukiitilia krima hii usiweke maziwa mazito mengi.

shangazi_wa_tanga: Hayo machicha ya mchele mnatupa?? Mimi nimeyasaga tena na tui, hamira na sukari, nikaacha yaumuke, nimepika vitumbua. Vimetoka na harufu ya mdalasini watoto wamemaliza vyote.

Mwandishi: Shangazi hii sikuijua! Ulitia unga wowote?

shangazi_wa_tanga: Vijiko viwili vya unga wa mchele, maana peke yake ni mepesi yanavunjika kwenye karai. Na iliki usitie, mdalasini unatosha.

kijana_wa_chuda: Mchele wa biriani unafaa?

Mwandishi: Unafaa, ile basmati ya zamani ina harufu nzuri. Uloweke MBICHI.