Kushusha gia kwenye lori lisilo na sinkronaiza

Unayejifunza lori la gia za mkono, elekeza nguvu zako kwenye kushusha gia. Kupandisha utazoea upesi. Kushusha ndiko kunakowatoa wengi jasho siku ya mtihani.

Gia nyingi za malori makubwa hazina sinkronaiza, yaani kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwa hiyo wewe ndiye unayelinganisha mwendo wa injini na wa gia. Kanyaga klachi, toa gia hadi frii (pasipo gia yoyote), achia klachi. Hapo frii gusa mafuta ili injini ipande, kanyaga klachi tena, kisha ingiza gia ya chini. Mizunguko ikilingana, gia inaingia yenyewe kwa laini. Ikikwaruza usiilazimishe, tafadhali: rudi frii, ongeza mafuta kidogo, jaribu tena.

Lori likiwa linatembea, usididimize klachi hadi sakafuni. Kwenye malori mengi mwisho wa pedali una breki ya klachi, inayozuia shafti ya gia isizunguke, na kazi yake ni kusaidia kuingiza gia lori likiwa limesimama tu.

Mteremko nao: chagua gia ya chini kabla hujaanza kushuka. Ukikwama frii katikati ya mteremko na mzigo mgongoni, breki zinabeba kila kitu na zinaweza kuchemka hadi zishindwe kushika.