Kupima magonjwa ya kupe kwa vinasaba ukiwa Mtwara au Lindi: sampo ndo kila kitu

Mbwa wa huku kusini kazi yake porini, usiku analinda korosho, mchana anafukuza ngedere, jioni anarudi na kupe kuanzia ndani ya masikio mpaka katikati ya vidole. Siku akigoma ugali, ukimfunua mdomo fizi nyeupe, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, watu wengi wanakimbilia duka la dawa za mifugo wanampiga OTC (sindano ya antibiotiki oxytetracycline) afu wanasubiri. Sasa OTC inaweza kusaidia kama ni Ehrlichia canis, yule ni bakteria anayekaa kwenye seli nyeupe, ila kama ni Babesia, kimelea anayepasua seli nyekundu, basi umechoma hela bure, huyo anataka dawa ya imidocarb. Na kuna kimelea mwingine, Hepatozoon canis, ambaye mbwa hampati hata kwa kung'atwa, anampata akimla kupe mwenyewe wakati anajilamba.

Darubini usiidharau, anza nayo. Tone la damu ya ncha ya sikio kwenye kioo, rangi ya Giemsa, majibu siku hiyohiyo na bei yake inabebeka. Shida yake vimelea wakiwa wachache haiwaoni, halafu Babesia vogeli na Babesia rossi wanafanana kabisa kwenye kioo wakati rossi ndo muuaji na vogeli mara nyingi ni mpole. Hapo ndo PCR inapoingia, yaani kipimo cha kutafuta vinasaba (DNA) vya kimelea kwenye damu.

Kabla hujamgusa mbwa piga simu maabara. TVLA, wakala wa maabara za mifugo, wana kituo Mtwara, makao makuu yao Temeke Dar, na SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, nao wana maabara. Uliza wanapima vimelea gani kwa mbwa, wanataka tyubu gani, bei, na sampo ipokelewe siku gani, maana ikifika Ijumaa jioni italala getini na joto hili unalijua mwenyewe.

Damu itolewe KABLA ya sindano ya dawa. Narudia kabla, maana ukishampiga dawa vimelea wanapungua kwenye damu na majibu yanaweza kusema hana wakati anao. Daktari wa mifugo atoe kama mililita 2 kwenye mshipa wa mguu wa mbele, aweke kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA (ya kuzuia damu isigande), kisha aigeuze juu chini taratibu mara nane mpaka kumi, asiitikise kama anachanganya juisi, seli zitapasuka. Tyubu ya kijani achana nayo, ina heparini na heparini inaizuia PCR isifanye kazi.

Lebo andika jina la mbwa, la mwenye mbwa, kijiji, tarehe na dawa alizopewa mwezi huo. Ukiandika "Simba" peke yake utapata tabu, Simba wako wengi kuanzia Masasi mpaka Newala.

Tyubu ifunge na karatasi ndo uiweke kwenye kuliboksi, isigusane na barafu moja kwa moja. Ikiganda kwa baridi DNA itakuwepo bado ila sampo ya darubini imekufa. Kama safari ni ndefu au ni masika, na wote tunakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara pale Somanga, tumia karatasi maalumu za kuchuja, dondosha damu, kausha kivulini, weka kwenye bahasha na vile vipakti vya kunyonya unyevu, hiyo haihitaji barafu.

Unataka kupima na kupe pia? Mbane na kibanio karibu na ngozi, vuta moja kwa moja, hamna mafuta ya taa hamna kiberiti, na usimpasue kwa kucha. Mtie kwenye alkoholi ya asilimia 70 au zaidi, formalini hapana inaharibu DNA. Kijikaratasi cha jina kiandike kwa penseli ukitumbukize humohumo, wino wa peni unayeyuka wote. Ila kupe aliyeshiba ana damu ya mbwa tumboni, kwaiyo akikutwa na Babesia usiseme ndo kamwambukiza mbwa, pengine kamnyonya tu.

Kule maabara wanatoa DNA, mashine inapasha nyuzi 95, inashuka 50 mpaka 60, inapanda 72, inarudia mara 30 mpaka 40 hadi kipande wanachotafuta kiwe kingi cha kuonekana. Kwa Babesia na Hepatozoon wanalenga jeni ya 18S, kwa Ehrlichia na Anaplasma (bakteria mwingine wa kupe) ni jeni ya 16S. Hiyo 18S inanasa na Theileria, kimelea wa ng'ombe anayeletwa na kupe, kwaiyo wafugaji wa ng'ombe wa Kilwa, Nachingwea na Liwale inawahusu pia kwenye ndigana kali, ila ng'ombe aliyepona anaweza kubeba kimelea muda mrefu, PCR ikasema ndiyo na yeye anakula majani vizuri tu.

Majibu yakisema hakuna na mbwa bado anakonda, pima tena, Ehrlichia wa muda mrefu anaweza kujificha kwenye wengu damu ikaonekana safi. Yakisema yupo, omba waandike jina la kimelea hadi aina yake, "Babesia" tupu haimsaidii daktari kuchagua dawa. Na kama una mbwa zaidi ya mmoja chukua damu ya wote siku hiyohiyo, kuna anayebeba Ehrlichia bila dalili hata moja.