Arusha mpaka Dar kwa ndege ni muda gani? Piga hesabu hivi

Ukiuliza mtu yeyote hapa mjini atakwambia "lisaa limoja tu", na hajakosea sana, ila ukiipanga siku yako kwa hilo lisaa utaumia.

Anza na umbali. Fungua ramani kwenye simu, gusa KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) ushikilie mpaka kialama kitokee, chagua kupima umbali, vuta mstari mpaka uwanja wa Julius Nyerere kule Dar. Inakuja kama kilomita 450. Usichukue zile za barabarani, basi linashuka Same, Korogwe huko ndo maana linakula zaidi ya 600, ndege inakata moja kwa moja.

Sasa gawa kwa spidi. Ndege ya pangaboi kama Q400 inatembea kilomita 600 na kitu kwa saa, kwa hiyo hapo ni dakika 45 hivi, halafu ongeza nusu saa maana kuzunguka uwanjani, kupanda na kushuka ndege haiko kwenye mwendo wake. Lisaa na robo. Jeti ya spidi 800 inakuokolea dakika kumi tu, so kwa Dar usiongeze hela kisa jeti. Tofauti utaiona safari ndefu, mfano KIA mpaka Amsterdam ni kama kilomita 6,900, gawa kwa 850, ongeza ile nusu saa, masaa nane na nusu.

Kitu kinachoniuma ni saa za kwenye tiketi. Shangazi yangu alikuwa na tiketi imeandikwa 07:00, akajua ni saa saba mchana, katoka nyumbani saa nne kajiandaa vizuri na zawadi za wajukuu, kumbe ndege ilishaondoka saa moja asubuhi! Nauli ikapotea yote. Jamani, saa ya tiketi toa sita: 07:00 ni saa moja asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana. Kuanzia 19:00 toa kumi na nane, 20:00 ni saa mbili usiku. Ikiwa ndogo kuliko saba ongeza sita, 02:00 ni saa nane usiku, na hapo cheki tarehe mara mbili kwa sababu sisi tunaona ni usiku wa jana bado wakati tiketi ishahamia siku mpya.

Halafu barabara. Arusha mjini mpaka KIA ni kama kilomita 50, wa Moshi wana afadhali kidogo, kama 40. Weka lisaa zima, kuna malori, kuna vibao vya 50 na trafiki wapo, na ukishapita Tengeru zile njia nne zimeisha mnabanana. Uwanjani fika masaa mawili kabla, ukienda nje matatu. Kule Dar weka nusu saa ya kusubiri begi na lisaa la foleni mpaka unakoenda. Jumla karibu masaa sita mlango kwa mlango, bado ni nusu ya basi.

Kwa hiyo tiketi ya 14:00, toka Arusha saa tano asubuhi. Ikiwa Jumatano au Jumamosi toka saa nne na nusu, Tengeru ni siku ya soko.