Kutengeneza mbiu ya dinosaria kwa bomba la inchi moja

Mpwa wangu yuko darasa la sita. Jioni moja alinijia na daftari lenye mchoro wa mnyama mwenye mdomo wa bata, na kisogoni kitu kirefu kimelala kuelekea mgongoni kama mpini wa jembe. "Mjomba, mwalimu anasema hiki kishungi kilikuwa bomba. Si wewe fundi bomba?"

Nilitaka kumwambia nimechoka. Lakini pembeni alikuwa amechora kishungi kilivyo ndani, nikavuta kiti. Mirija inaanzia puani, inapanda mpaka nchani, inapiga kona, inashuka tena mpaka kooni. Mtu wa kazi yangu hawezi kuona laini ya namna hiyo akaiacha.

Mnyama mwenyewe ni dinosaria anayeitwa Parasaurolophus. Fuvu la kwanza lilipatikana mwaka 1920 huko Alberta, Kanada, na mtaalamu wa visukuku William Parks akampa jina mwaka 1922. Aliishi miaka milioni 75 hivi iliyopita, ana urefu wa mita 9 na ushee, na kutoka mdomo hadi ncha ya kishungi ni zaidi ya mita moja na nusu. Mpwa aliniuliza kama dinosaria waliochimbuliwa Tendaguru kule Lindi nao walikuwa na bomba. Hapana. Wale ni wa zamani zaidi, karibu mara mbili ya umri huo, na ni ukoo mwingine kabisa.

Sasa vifaa. Nunua bomba la PVC gumu la inchi moja, mita tatu na robo. Wakikataa kukukatia chukua lote, salio halikosi kazi. Elbo mbili za inchi moja, vile viungo vya kona, na moja ya akiba. Msumeno wa chuma, msasa, futi. Gundi usinunue, nitakueleza kwa nini.

Mimi nilianza vibaya. Nilikuwa na mabaki ya inchi mbili stoo nikaona yatatosha, tena mnyama mwenyewe mkubwa. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba, ukatoka upepo mtupu. Inchi mbili inataka mapafu ya tembo. Inchi moja inakaa vizuri mdomoni.

Kata vipande viwili vya mita moja moja, viwili vya nusu mita vya kuweka kando kwanza, na kimoja kifupi cha sentimita sita. Kifupi kinaunganisha elbo mbili zigeuke kama herufi U, halafu vile vya mita moja vinaingia kila upande, sambamba. Hiyo U ndiyo ncha ya kishungi. Piga msasa kila ulipokata, ndani na nje, na ule mdomo wa kupulizia uupige hasa, mpaka ukipitisha ulimi usikwaruze. Sukuma viungo kwa nguvu huku unazungusha. Vikilegea, zungushia tepu ya nyuzi, ile nyeupe ya kufungia koki. Mnyama alikuwa na mirija kama hiyo upande wa kulia na mingine upande wa kushoto. Sisi tunatengeneza upande mmoja tu, unatosha kujifunzia.

Kupuliza ndiko kunakowashinda wengi. Usipulize kama unapoza chai. Bana midomo, iweke kwenye bomba, kisha ilazimishe itetemeke, prrrr, kama mtoto anayeigiza pikipiki. Ukiwahi kumwangalia mpiga baragumu utakumbuka kwamba kazi yote iko midomoni. Hapa midomo yako inashika nafasi ya koo la mnyama: pumzi yake ilitoka kooni, ikapanda hadi nchani, ikageuka, ikashuka kutokea puani. Kwa hiyo unapopuliza, wewe uko kooni, na upande wa pili ni pua.

Mara ya kwanza kulia, majirani wawili walitoka nje kuuliza kuna nini. Ni sauti ya chini, nzito, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Hesabu yake ni nyepesi. Bomba lote ni mita 2.1 hivi, sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, gawa 340 kwa urefu mara nne, unapata mitetemo 40 kwa sekunde. Hiyo ya 40 ni ngumu kuipata kwa midomo. Utakayoipata kirahisi ni mara tatu yake, 120 hivi, karibu na sauti ya mwanamume akiongea. Mtaalamu wa visukuku David Weishampel alishaichambua mirija hii kama ala ya muziki mwaka 1981, na mwaka 1997 huko New Mexico, Marekani, wataalamu walitumia kompyuta kuunda upya sauti, kwa picha za fuvu lililopatikana 1995.

Kwa nini sauti nzito? Sauti ya chini hupenya miti na kufika mbali. Huyu hakuwa na pembe wala gamba la kujikingia, na pale Alberta aliishi na Gorgosaurus, mla nyama, kwa hiyo huenda kuonyana na wenzake kutoka mbali kulimfaa. Meno alikuwa nayo mamia, yamebanana nyuma ya taya kama jiwe la kusagia, lakini ni ya majani. Na kishungi kilionekana kwa mbali pia, kwa hiyo naamini kilikuwa pambo vilevile.

Sasa suala la gundi. Chomoa vile vipande vya mita moja, weka vya nusu mita. Puliza. Sauti inapanda kiasi cha mara mbili. Hivyo ndivyo mtoto alivyotofautiana na mkubwa: mwaka 2009 mwanafunzi wa sekondari aliona huko Utah, Marekani, mifupa ya mdogo wa karibu mwaka mmoja, mita mbili na nusu tu, na kishungi chake kilikuwa kinundu. Ungegandisha kwa gundi, ungekuwa na mnyama wa umri mmoja.

Ile elbo ya akiba itoboe tundu la milimita kumi mgongoni, uiweke nchani badala ya moja ya zile nzima. Zamani wapo waliodhani kishungi ni mrija wa kuvutia hewa akiwa amezama majini. Fuvu halina tundu nchani, basi. Bomba lililozibwa halivuti hewa. Lakini mpwa alitaka kuona ingekuwaje. Alipuliza, sauti ikakatika na kukwaruza. Nikaweka kidole juu ya tundu, ikarudi nzito kama mwanzo. Akaniambia niondoe. Nikarudisha. Tulikaa hivyo, yeye anapuliza, mimi nafungua na kufunga, mpaka dada akatuita kula.