Somo: Kuinua Hilux isiyo na fowili

Somo hili linahusu Toyota Hilux za zamani zisizo na fowili, yaani zisizosukumwa na magurudumu yote manne, zile ambazo mbele zina tosheni, yaani fimbo ndefu za chuma zinazobeba uzito kwa kujisokota, na nyuma zina springi za vyuma bapa vilivyopangana. Yangu hubeba kabichi na karoti kutoka vijiji vilivyo juu ya Lushoto, na niliiinua milimita 40 kwa sababu tumbo lake lilikuwa likikwangua tuta linalobaki katikati ya njia baada ya mvua. Niseme mapema kwamba difu, yaani kibuyu cha gia kilicho katikati ya ekseli ya nyuma, haikupanda hata kidogo, kwa kuwa ekseli ya nyuma inabebwa na magurudumu, si na springi. Anayetaka difu ipande hana budi kuweka tairi kubwa zaidi.

Hatua ya kwanza ni kupima. Simamisha gari mahali tambarare bila mzigo, upime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, na uandike vipimo vyote vinne. Ukipima kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya.

Hatua ya pili ni mbele. Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, inua chasisi kwa jeki, kisha uikalishe juu ya stendi za chuma. Kamwe usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Safisha hesi za boliti ya kurekebishia tosheni kwa brashi ya waya, zipake mafuta, piga alama ya chaki, halafu kaza mzunguko mmoja mmoja huku ukihesabu, kulia na kushoto. Ukishusha gari, lisukume mbele na nyuma mita chache na kulitingisha kabla ya kupima, kwa maana gari lililotoka kwenye jeki hubaki juu kwa muda, tairi zikiwa zimejibana kwa ndani. Kukaza huku hakuifanyi tosheni kuwa ngumu zaidi. Kunapandisha gari na kupunguza nafasi ya gurudumu kushuka shimoni. Kwa sababu hiyo sikuthubutu kupita milimita 40.

Hatua ya tatu ni nyuma, ambako niliongeza chuma kimoja katika kila springi. Chasisi ikae juu ya stendi na ekseli ishikiliwe na jeki ya pili, ndipo ufungue shokapu na yubolti, yaani boliti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Kabla ya kugusa boliti ya katikati, bana vyuma vyote kwa jiriwa mbili za mkono, moja kila upande, kwa kuwa vikiachwa huru vinaweza kufyatuka kwa nguvu ya kuvunja kidole. Boliti mpya ya katikati iwe ndefu kuliko ya zamani, na kichwa chake kiingie barabara katika tundu la kiti cha ekseli. Yubolti ziwe mpya, zikazwe kwa kupishana. Boliti za bushi, yaani mipira ya kwenye ncha za springi, zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira utabaki umejisokota na kuchanika mapema.

Sasa jambo ambalo mimi mwenyewe nililisahau. Hilux nyingi zina vali ya breki za nyuma inayopima mzigo kwa rodi iliyofungwa kwenye ekseli. Ukiinua gari, vali hiyo hudhani kwamba halina mzigo, hivyo hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Niliteremka mlima wenye tope nikiwa na magunia, nikakanyaga breki, magurudumu ya mbele yakajifunga na gari likaendelea kuteleza hadi kwenye mtaro. Hamisha kishikio cha rodi kwa kiasi kile kile ulichoinua, kisha jaribu breki bila mzigo na ukiwa na mzigo. Hakikisha pia kwamba mipira ya kupitishia mafuta ya breki haivutiki magurudumu yanaponing'inia.

Mwisho, peleka gari likapimwe alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, rekebisha taa, na ukaze yubolti tena baada ya kilomita 100.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, naweza kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli badala ya kuongeza chuma cha springi?

Jibu: Marahaba. Chungulia kwanza. Ikiwa springi inapita chini ya ekseli, kipande hicho kitalishusha gari badala ya kulipandisha. Ikiwa inapita juu, weka kimoja tu kila upande, wala kisiwe cha mbao.

Swali: Ndugu, nikiweka shakeli ndefu kwa milimita 60, gari litapanda kiasi gani?

Jibu: Karibu milimita 30, kwa sababu shakeli, yaani kiungo kinachoshika springi kwenye chasisi, huinua ncha moja tu ya springi ilhali ekseli iko katikati.

Swali: Yangu inatetemeka ninapoondoka, mwendo ukikolea inatulia. Tatizo ni nini, kaka?

Jibu: Pembe ya propela, yaani fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye difu, imebadilika. Kagua kwanza beringi yake ya katikati, na ikiwa ni nzima, fundi aweke kabari nyembamba za chuma kati ya springi na kiti cha ekseli ili pua ya difu irudi kwenye pembe yake.