Akiba ya kusi huwekwa kaskazi

Mvuvi wa Lamu, pesa ya samaki itenge palepale dikoni. Ikifika nyumbani nzima, haitengeki tena. Kwenye kila shilingi 1,500 za siku, toa 300 ya akiba na 200 ya nyavu na plagi za injini. Siku 20 za bahari kwa mwezi, Novemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukivuma, 300 hizo hufika 30,000. Ndiyo 10,000 ya kila mwezi Juni, Julai na Agosti, kusi likivuma na mashua zimelala.

Usiiache kwenye laini unayonunulia vocha: hutoka mia mia, wala huoni. Ifungie akaunti ya muda hadi Juni. Siku uliyorudi mikono mitupu iruke tu, usikope ili uweke.